Pete ya uchumba kwa laki tatu

Laki tatu. Hiyo ndiyo hela tuliyoitenga kwa ajili ya pete ya uchumba mwishoni mwa mwaka 2025, mimi na mwenzangu. Yeye ni mwalimu wa sekondari wilayani Chunya, mimi ni muuguzi mkunga hapa Mbeya mjini, na wote wawili tuna wadogo zetu tunaowasomesha. Tuliiandika hesabu hiyo kwenye daftari kabla hatujaingia duka lolote, tukakubaliana kwamba haitapanda. Tulipoanza kuzunguka, udogo wa hela haukunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba wengi waliotaka kutuuzia pete hawakuwa tayari kutuambia, kwa maneno yanayoeleweka, ile pete imetengenezwa na nini.

Pete ya bei ndogo haina aibu. Ya silva ni sawa, ya chuma ni sawa, hata ya shaba ni sawa, mradi anayenunua anajua ni shaba na anayevishwa anajua vilevile. Ubaya unaanza pale kijana anapolipa hela ya dhahabu akapewa kitu kingine, au pale anapomwacha mwenzake aamini ni dhahabu ilhali yeye mwenyewe anajua siyo. Ndoa isianze na siri ya namna hiyo kidoleni.

Ukipita Mwanjelwa au Kabwe jioni, meza za wamachinga zimejaa pete. Elfu tatu, elfu tano, elfu kumi kwa ile yenye jiwe. Sina ugomvi na pete hizo wala na wanaoziuza. Wengi wao ukiwauliza vizuri wanakuambia wazi kuwa ni urembo wa kawaida. Nyingi ni shaba, au shaba iliyochanganywa na zinki, zikachovywa utando mwembamba sana wa rangi ya dhahabu. Jasho na sabuni vikishakula ule utando, shaba inakutana na ngozi na kidole kinaachiwa alama ya kijani. Nimesikia watu wakisema ni damu ya mvaaji haipatani na pete, au ni ishara kwamba uchumba una mkosi. Ni shaba tu, na alama inatoka kwa kunawa. Muuzaji akikuambia pete yake haipauki, muulize kwa nini haipauki. Kama ni chuma kisichoshika kutu, ni kweli, itakaa miaka. Kama ni ya kuchovya, itapauka, tena mapema.

Lililoniudhi lilikuwa duka la vioo na taa. Tuliingia, tukasalimia, tukatolewa pete yenye jiwe kubwa la kung'aa kwa laki mbili na nusu, tukaambiwa ni dhahabu ya Dubai. Nikauliza ni karati ngapi.

"Ni dhahabu nzuri dada, hakuna mteja aliyewahi kuturudishia."

Nikauliza ni gramu ngapi. Akasema zile hawapimi, wanauza kwa kipande. Nikawasha tochi ya simu nikaangalia upande wa ndani, nikakuta mhuri mdogo: 18K GP. Herufi mbili za mwisho ndizo zenye habari yote. Zinamaanisha mchovyo, yaani juu dhahabu kidogo, ndani kitu kingine. Mwenzangu ni mpole kuliko mimi, alishukuru, tukatoka. Mimi nilitembea kimya hadi stendi nikifikiria ni vijana wangapi wamelipa laki mbili na nusu pale, wakaenda kupiga goti kwa imani safi.

Dhahabu inauzwa kwa uzito. Huo ndio ukweli wa kwanza ambao ningependa kila kijana aondoke nao. Asiyetaka kuiweka kwenye mizani anakuuzia kitu kingine. Ukweli wa pili ni mihuri. Karati 24 ndiyo dhahabu safi, lakini ni laini mno kwa pete ya kila siku, kwa hiyo huchanganywa na shaba, silva au madini mengine ili ikaze. Mhuri wa 750 ni karati 18, maana yake sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu. Mhuri wa 585 ni karati 14. Wa 375 ni karati 9, na hapo dhahabu haifiki nusu ya pete. Ukiona 925, hiyo ni silva. Mhuri unaweza kughushiwa, kwa hiyo peke yake hautoshi. Sumaku nayo inasaidia kwa upande mmoja tu: pete ikinaswa na sumaku, achana nayo, lakini isiponaswa bado hujapata jibu, kwa sababu hata shaba hainaswi.

Hesabu ya bei haihitaji utaalamu. Oktoba 2025 dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 kwa aunsi kwa mara ya kwanza. Aunsi ya kupimia dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja ya dhahabu safi ilikuwa kama dola 128, na kwa shilingi ya siku zile ni zaidi ya laki tatu. Ya karati 18 ilikuwa robo tatu ya hiyo. Ya karati 9 ilikuwa laki moja na kitu. Na hapo hujalipa fundi, kodi ya pango wala faida ya mwenye duka. Ukishaijua hesabu hii, pete nene inayoitwa dhahabu kwa laki na nusu huna haja ya kubishana na mtu juu yake.

Ndugu zangu walioko Dar huniuliza kila mara: si mko jirani na Chunya, kwa nini dhahabu iwe ghali kwenu? Ni swali la haki. Dhahabu ya Lupa, eneo la machimbo huko Chunya, imechimbwa tangu miaka ya 1920, na mwaka 2019, serikali ilipoanzisha masoko ya madini mikoani, Chunya nayo ilipata soko lake. Lakini dhahabu haina bei ya jirani kama viazi vya Uyole au mchele wa Kyela. Bei inayofuatwa hupangwa London mara mbili kwa siku za kazi, na Tume ya Madini hutoa bei elekezi kwa kuangalia soko hilo la dunia. Mchimbaji wa Makongolosi mwenye simu mkononi anaijua bei ya leo sawasawa na sonara wa Kariakoo. Anayekupa nusu bei ana sababu, na sababu hiyo itakuangukia wewe.

Mwenzangu alifuatwa na mtu wa namna hiyo kule anakofundisha. Aliahidiwa gramu tatu za dhahabu ghafi, ya mkononi, kwa hela ambayo isingetosha hata gramu moja dukani. Alikataa, na nilimpenda zaidi kwa hilo. Madini kwa sheria zetu hayanunuliwi kichochoroni. Mnunuzi lazima awe na leseni ya udalali au ya biashara ya madini, na mauzo hupita sokoni ili mrabaha wa serikali ulipwe. Mwalimu asiye na leseni akikutwa na dhahabu ghafi mfukoni, habari ya kwamba ni ya pete ya uchumba haitamsaidia. Tena dhahabu ghafi siyo safi. Huja na silva ndani yake, na kama ilikamatwa kwa zebaki bila kuchomwa vizuri, na zebaki imo. Mimi nimefundishwa zebaki inafanya nini kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Nisingeitaka nyumbani kwangu hata bure.

Wengine walimshauri akope. Kuna mwalimu mwenzake aliyechukua mkopo wa kausha damu ili pete ya mchumba wake iwe ya maana, na kwa miezi mingi mshahara wake ulikuwa ukiingia na kutoka siku hiyohiyo. Bwana huyo alituambia mwenyewe, bila kuficha, na alitusihi tusifanye hivyo. Namshukuru sana.

Wapo pia waliotuambia kwamba mwanaume anayejiheshimu hununua pete ya mshahara wa miezi miwili. Nilitaka kujua kanuni hiyo imetoka kwa nani, kwa sababu sikuisikia kwa bibi zangu wala kanisani. Imetoka kwenye matangazo ya biashara. De Beers, kampuni iliyokuwa imeshika soko la almasi duniani, ilitungiwa kaulimbiu yake ya almasi kudumu milele mwaka 1947, na miaka ya 1980 matangazo yake yakawa yanawauliza wanaume wa Marekani watawezaje kuufanya mshahara wa miezi miwili udumu milele. Kumbe ni swali la muuza almasi kwa mteja wake. Mwaka huohuo wa 1947 almasi ya waridi ilipatikana kwetu, Mwadui, kwenye mgodi wa Williamson, na mwenye mgodi akamzawadia binti mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa. Jiwe la nchi hii lilikwenda kwenye harusi ya kifalme. Mwalimu wa nchi hiihii leo anaambiwa hana heshima bila mishahara miwili. Linaniuma, nalisema wazi.

Kwetu Unyakyusa nyumba ilianza kwa ng'ombe. Sehemu nyingine za nyanda hizi majembe nayo yalikuwa ndani ya mahari, na Wakinga wa milima ya Livingstone walikuwa mafundi wa kufua chuma ambao majembe yao yalisafiri hadi kwa majirani. Sisemi turudi huko. Ninachokipenda katika habari hizo ni kwamba ng'ombe aliletwa uwanjani akaonekana na kila mtu, jembe likashikwa mkononi likageuzwa upande huu na huu. Wazee walikagua. Hakuna aliyeona ni utovu wa adabu kuuliza ng'ombe huyu ana umri gani. Sasa pete, kitu kidogo kuliko vyote, ndiyo tunaona aibu kuulizia.

Nimekaa wodi ya wazazi muda wa kutosha kuwa na neno juu ya pete ambalo muuza pete hana. Mama mjamzito huvimba vidole, hasa mwezi wa mwisho, na zaidi presha ikipanda. Pete aliyoivaa kwa raha wakati wa uchumba inageuka kamba. Tunaanza na sabuni na mkono ulioinuliwa juu. Ikishindikana tunapitisha uzi chini ya pete, tunauzungusha kwa kubana kidole hadi juu ya kiungo, kisha tunaufungua taratibu kutokea chini huku pete ikipanda nao. Hiyo nayo ikishindikana, pete inakatwa. Dhahabu na silva hukatika kwa kifaa kidogo cha mkono bila shida, na fundi akaja kuiunga baadaye. Chuma kisichoshika kutu ni kigumu sana kukata. Titani vilevile. Pete za tangsteni, zile nzito za kijivu au nyeusi ambazo vijana wanazipenda, hazikatiki kabisa kwa kifaa hicho. Inabidi zibanwe mpaka zipasuke. Nimeona mama amelala anasubiri kupelekwa chumba cha upasuaji na watu watatu wamezunguka kidole chake. Kwa hiyo ukinunua ya chuma kwa sababu hela ndiyo hiyo, nunua, lakini usiinunue ya kubana, na mwambie mwenzako aivue mapema akipata ujauzito.

Kazi yangu iliamua pia suala la jiwe. Jiwe lililoinuka linachana glavu, na chini ya vishikizo vyake uchafu unakaa ambao kunawa hakuufikii. Nilimwambia mwenzangu mapema kwamba nataka pete tupu, isiyo na jiwe, na nilimweleza sababu ili asidhani namwonea huruma mfuko wake. Kuna wanawake wengi wa huku ambao mikono yao ina kazi zinazofanana na yangu kwa namna fulani: wanapalilia viazi Isyonje, wanachuma chai Rungwe, wanaosha vyombo vya mama lishe Kabwe. Pete ya kwenye video za mtandaoni, zile za maputo na goti hotelini, haikutengenezwa kwa mikono hiyo.

Anayetaka jiwe alichague kwa ugumu wake. Tanzanaiti ni fahari yetu tangu ilipogunduliwa Mererani mwaka 1967, lakini katika kipimo cha ugumu cha moja hadi kumi iko kati ya sita na saba, na vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye ugumu wa saba. Kwenye hereni au kidani ni salama. Kwenye pete ya kila siku itachubuka. Safaya ina ugumu wa tisa, na zinatoka Songea na Tunduru, huku kusini kwetu. Ndogo yenye rangi ya kawaida inaweza kuingia kwenye bajeti ya mtu wa kipato cha kati, mradi anunue kwa mwenye leseni na apewe risiti inayotaja jiwe kwa jina lake. Vioo vya rangi vinavyoitwa safaya ni vingi.

Sasa nieleze tulichofanya.

Nilikuwa na mkufu wa dhahabu uliokatika, zawadi ya mama mdogo nilipomaliza chuo cha uuguzi. Ulikaa droo kwa miaka. Mwenzangu ndiye aliyeuliza kwa upole kama ningekubali uyeyushwe, na akasema wazi kwamba nikikataa hatauliza tena. Nilimpigia mama mdogo kwanza, kwa sababu zawadi ina mwenyewe hata ikishatolewa. Akacheka akasema, "Mwanangu, sasa uliuweka droo ukisubiri nini?"

Tukaenda kwa fundi sonara mmoja mzee pale Uhindini, mwenye chumba kidogo chenye dirisha moja na meza iliyochakaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Leteni tuone."

Hakutuambia bei wala hakutusifia mkufu. Aliusugua kwenye jiwe jeusi la kupimia hadi ukaacha mstari wa njano, akausugua na kipande chake cha dhahabu anachokijua pembeni yake, akadondoshea tindikali kwenye mistari yote miwili. Akatuita tusogee. Mstari wetu ulibaki pale sawa na wa kwake. "Hii ni kumi na nane," akasema. "Ingekuwa shaba mngeona inafutika." Kisha akaweka mkufu kwenye mizani na kutugeuzia namba tuisome wenyewe: gramu 1.6.

"Mama unafanya kazi gani?" akaniuliza. Nikamwambia muuguzi, na likizo nashika jembe kwa mama yangu Tukuyu. Akatikisa kichwa. Pete ya gramu moja na nusu, alisema, itapinda ndani ya mwaka mmoja kwa mikono hiyo. Akashauri tuongeze gramu 0.8 ya karati ileile. Kwa bei yake ya siku ile, shilingi 250,000 kwa gramu, nyongeza ilikuwa laki mbili, na ufundi elfu sitini. Jumla laki mbili na sitini. Alituambia kabla hajawasha moto kwamba pete itapungua kidogo kwa sababu ya tupa, na akasema isingepungua zaidi ya gramu 0.1. Tukakubali, akaandika vyote kwenye daftari lake.

Nilimwomba ayeyushe mbele yetu. Hakuona vibaya. Alisema yeye mwenyewe hupendelea hivyo, kwa sababu mteja aliyeona hana maneno baadaye. Dhahabu ya mkufu na ile ya nyongeza ziliingia kwenye kibakuli cha udongo mgumu, akanyunyiza boraksi, unga mweupe unaosaidia uchafu ujitenge, akaelekeza mwali wa gesi. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha pete ndogo ndogo za mkufu zikaanza kulainika, zikaangukiana, na ghafla zikawa tone moja linalotetemeka, jekundu, limejikusanya katikati. Akalimimina kwenye mfereji mdogo wa chuma, likawa kijiti kifupi.

Kijiti kile alikipitisha kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono yenye magogo mawili ya chuma, ndogo lakini inafanya kazi kama ile ya kukamua miwa. Kila kilipopita kilitoka chembamba na kirefu zaidi. Baada ya kupita mara kadhaa alikipasha moto tena, na alitueleza kwa nini: dhahabu ikikandamizwa inakakamaa, ukilazimisha inapasuka, moto unailegeza. Mwenzangu, anayefundisha kemia, aliuliza maswali mengi sana hapo na mzee akayajibu yote bila haraka. Ilikuwa furaha kwangu kuwatazama.

Alipokikunja na kukiunga, alitumia kiungio cha karati ileile, siyo cha chini, na aliitumbukiza pete kwenye tindikali hafifu ili weusi wa moto utoke. Kisha tupa, na chini ya meza kulikuwa na ngozi iliyotandazwa kukinga unga. Mwisho alipiga mhuri wa 750 na kuirudisha kwenye mizani: gramu 2.3.

Hilo la kuyeyusha mbele ya mteja nalisisitiza kwa moyo wote. Dhahabu ya zamani ni njia bora kuliko zote ya kupata pete ya kweli kwa hela kidogo, na familia nyingi zina hereni iliyopotelewa na mwenzake au mkufu uliokatika. Lakini ukiiacha kwa fundi usiyemjua ukarudi wiki ijayo, huna namna ya kujua kilichorudi ni kilekile. Kaa. Beba chapati zako, kaa kwenye benchi, angalia mwanzo hadi mwisho.

Na asiye na dhahabu ya zamani? Kwake ningesema silva ya 925, bila kusita. Hata ilipofika dola 50 kwa aunsi mwaka huohuo wa 2025, gramu moja ilikuwa kama shilingi elfu nne tu. Pete nzito ya gramu tano, kwa bei hiyo, ilikuwa na silva ya elfu ishirini ndani yake. Kinachobaki kwenye bei ni kazi ya mikono, na hiyo unaweza kuijadili na fundi ana kwa ana. Silva hupata weusi inapokutana na salfa iliyo hewani na kwenye baadhi ya vyakula, lakini kuisugua kwa kitambaa laini huirudisha. Adui yake mkubwa ni klorini. Anayefua kwa jiki au anayefanya usafi wa hospitali aivue kwanza. Klorini huharibu hata dhahabu iliyochanganywa, kwa hiyo na mimi yangu huivua kabla ya zamu.

Kipimo cha kidole nacho kina mambo yake huku kwetu. Asubuhi ya Julai hapa Mbeya vidole vinasinyaa kwa baridi, na pete iliyopimwa saa mbili asubuhi itakubana vibaya ukishuka Kyela kwenye joto la ziwa. Mzee alinipima mchana, baada ya kunifanya nitembee hadi barabarani na kurudi, na akaniomba nikunje ngumi. Pete inapaswa kupita kwenye kiungo kwa kusukumwa kidogo na kukaa bila kuacha alama. Kama mnataka iwe siri, mwanaume achukue pete nyingine anayoivaa mwenzake kidole hichohicho aipeleke kwa fundi. Sisi hatukutaka siri.

Nilivishwa nyumbani kwetu Tukuyu, siku mshenga alipoleta majibu ya barua na wazee wakakubaliana tarehe ya mahari. Hapakuwa na maputo. Mama yangu aliushika mkono wangu akaigeuza pete kidoleni, kisha akamuuliza mkwe wake mtarajiwa moja kwa moja, mbele ya watu, kama ni dhahabu kweli. Akamjibu: "Ndiyo mama. Karati kumi na nane, gramu mbili na pointi tatu. Gramu moja na pointi sita ni ya mkufu aliopewa na mama mdogo, iliyobaki nimeongeza mimi." Baba mdogo akaomba aione risiti, akaonyeshwa, akaisoma yote. Nilijisikia kuheshimiwa kuliko ambavyo jiwe lolote lingeniheshimu.

Risiti yenyewe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Daini ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na daini iandikwe aina ya madini, karati na uzito. Neno "pete" peke yake halitoshi. Itakusaidia ukitaka kuiuza au kuiongezea siku moja, na itasaidia mambo yakiharibika pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mtu kudai mahakamani zawadi aliyoitoa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa, ikiwa mahakama itaridhika kwamba aliitoa kwa sharti la ndoa hiyo. Wachumba wengi hawapendi kuliongelea hilo. Sisi tuliliongea tukiwa kwenye basi la kurudi Mbeya, na tukakubaliana kwamba likitokea la kutokea, gramu zangu zitabaki zangu na za kwake nitamlipa kwa bei ya siku hiyo.

Elfu arobaini iliyobaki ilikwenda kwenye nauli na kilo mbili za sukari kwa mama. Pete za ndoa tutazitengeneza kwa mzee yuleyule. Ya kwangu itakuwa ya dhahabu nyembamba zaidi ya hii, ya mwenzangu itakuwa ya silva ya gramu sita, amechagua mwenyewe baada ya kuzishika zote mbili, na kila mwezi tunaweka elfu ishirini kwenye kibubu kwa ajili hiyo.